Virusi Vikishaingia Baharini, Vinakaa Siku Ngapi?

Maji yalikuwa yamekupwa sana, bamvua la mwezi mpevu, na pwani ya Ghuba ya Menai, kusini mwa Unguja, ilikuwa wazi mpaka mbali. Bibi mmoja alikuwa ameinama kwenye tope la kijivu, kisu kifupi mkononi, ndoo ubavuni, anaokota kombe. Kidole kinatangulia, kinapapasa tope, kinagusa ukingo mgumu, kisu kinafuata, kombe inatoka imefumba kabisa, na kwenye mfumbo wake inachuruzika maji ya rangi ya majivu. Nilimwamkia, nikamshikia ndoo, tukaanza mazungumzo. Alipojua kuwa naandika mambo ya afya, alinyoosha mgongo akaniuliza:

"Mwanangu, wanasema mitaro ya mjini inamwaga uchafu baharini. Lakini bahari si chumvi? Kidudu gani kitaishi kwenye chumvi?"

Nilimjibu kwa maneno mawili matatu, na jibu lenyewe halikuniridhisha. Swali la bibi huyu ni zito kuliko linavyosikika, na watu wanaolijibu kwa namba moja, iwe siku tatu au wiki mbili, wanampotosha mwenziwao. Namba hiyo moja haipo. Iko hesabu, na hesabu yake inaeleweka ukiifuata polepole.

Tuanze na neno "kidudu", kwa sababu ndani yake tumechanganya viumbe viwili visivyofanana. Kipindupindu, ambacho Zanzibar inakijua vizuri na kilichotusumbua sana mwaka 2015 na 2016, kinaletwa na bakteria. Bakteria ni kiumbe kamili. Anakula, anajigawa, na huyu wa kipindupindu anapenda maji ya chumvi kidogo, kama ya kwenye mikoko na midomo ya mito, ambako anajishikiza kwenye vijidudu vinavyoelea na kuendelea na maisha yake. Kirusi hakina uwezo huo. Nje ya seli ya mwenyeji wake hakili, hakikui, hakizai. Ni kifurushi cha vinasaba kilichofungwa ndani ya ganda la protini. Kwa hiyo idadi ya virusi vya binadamu iliyomwagika baharini asubuhi ndiyo kubwa kuliko zote. Kuanzia hapo inashuka tu. Tunachouliza, kwa kweli, ni inashuka kwa kasi gani.

Na si kila kirusi kilichomo baharini ni cha kuogopwa. Chota kijiko kimoja cha chai cha maji ya bahari, hata mbali na mji, utakuwa umechota makumi ya mamilioni ya virusi. Mililita moja peke yake huwa na kama milioni 10. Karibu vyote ni virusi vya bahari yenyewe, kazi yao kushambulia bakteria wa baharini, na mtu hawamhusu. Tunaohangaika nao ni wageni: wale waliotoka tumboni mwa watu na kufika majini kwa njia ya kinyesi. Virusi vya rota, vinavyoharisha watoto wachanga na ambavyo chanjo yake ilianza kutolewa nchini mwishoni mwa 2012. Norovirusi, vya kutapika na kuharisha kwa ghafla. Virusi vya homa ya ini A. Virusi vya polio na ndugu zake. Adenovirusi, ambavyo vinaweza kuharisha au kuwasha macho mekundu.

Hawa wote, mbali na tofauti zao, hawana utando wa mafuta juu ya ganda lao, na hilo ndilo linalowapa ugumu. Kirusi chenye utando wa mafuta, kama cha UKIMWI, cha mafua au cha korona, kinahitaji utando huo ubaki mzima ili kiambukize, na utando huo ni dhaifu. Sabuni inauyeyusha. Maji ya bahari nayo yanauharibu haraka. Mzazi anayekatazwa na wasiwasi wa UKIMWI kumpeleka mtoto kuogelea anaweza kuuweka chini wasiwasi huo moja kwa moja. Ugonjwa huo hauambukizwi kwa maji ya bahari. Virusi vya tumbo ni habari nyingine. Vimeumbwa kupita kwenye asidi ya tumbo bila kudhurika, na kitu kinachovuka tumbo la mtu hakiogopi chumvi ya bahari.

Kuna fundo jingine, na hili hata wasomi hujikwaa. Ukisoma kuwa "virusi vimekutwa baharini baada ya wiki kadhaa", uliza vimekutwa vipi. Njia iliyozoeleka maabara ni ile tuliyoizoea wakati wa korona, ya kutafuta vinasaba vya kirusi. Njia hiyo ni kali na ya haraka, lakini inasoma maandishi tu. Haijui kama kifurushi kilichobeba maandishi hayo bado kizima au kimepasuka. Ni sawa na kukuta ufunguo ufukweni: unajua kuna nyumba yenye kufuli hiyo, ila ufunguo wenyewe huenda umeliwa na kutu na haufungui tena. Kujua kama kirusi bado kinaambukiza, lazima ukiweke juu ya seli hai na uone kama kitaingia na kuzaliana humo. Kwa norovirusi jambo hilo liliwashinda wanasayansi kwa miongo mingi, mpaka mwaka 2016 watafiti wa Houston, Marekani, walipofanikiwa kuviotesha kwenye seli za utumbo wa binadamu zilizokuzwa maabara. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya tuliyoyaambiwa kuhusu norovirusi baharini ilipimwa kwa ndugu zao, virusi vya panya na vya paka, kwa kukisia kuwa wanafanana. Ndiyo maana namba za vitabu zinagongana. Wengine walikuwa wanahesabu funguo, wengine milango iliyofunguka.

Hesabu yenyewe

Wanasayansi hawaulizi kirusi kimoja kinaishi siku ngapi. Wanauliza: inachukua muda gani mpaka asilimia 90 ya virusi vipoteze uwezo wa kuambukiza, yaani ibaki sehemu moja ya kumi? Muda huo ukishaujua, unaurudia. Tuseme ni siku moja, na virusi vilivyoingia ni milioni moja. Kesho vimebaki laki moja, keshokutwa elfu kumi, mtondo elfu moja. Siku ya sita umebaki na kimoja. Sasa tuseme muda huo ni wiki moja. Milioni ile ile itachukua wiki sita kufika hapo hapo.

Hili linanigusa kwa sababu mbili. Ya kwanza, watu wanaosikia "asilimia 90 zimekufa" wanapumua kama kwamba mambo yamekwisha. Gramu moja ya kinyesi cha mtu anayeumwa norovirusi inaweza kubeba mabilioni ya virusi, na makadirio yanaonyesha kuwa chini ya virusi mia, pengine hata chini ya ishirini, vinatosha kumlaza mtu. Toa asilimia 90 ya bilioni moja, unabaki na milioni mia. Ya pili, mlinganyo huo unaonyesha kuwa kinachoamua ni kasi ya kushuka kuliko kitu kingine chochote, na kasi hiyo inabadilika kutoka ufuo hadi ufuo, hata kutoka asubuhi hadi jioni.

Basi nini kinaishusha? Chumvi, ambayo bibi yule aliitegemea, ina mchango, lakini ni mdogo kuliko tunavyodhani. Joto lina nguvu zaidi. Katika maji ya nyuzi 4 au 5, kama ya bahari za kaskazini wakati wa baridi, virusi hivi hudumu wiki nyingi, hata miezi. Bahari yetu haishuki sana chini ya nyuzi 25, na kwenye kaskazi inakaribia 30. Katika joto hilo, ukiyaweka maji gizani, virusi vya polio hupungua ndani ya siku chache, ilhali vya homa ya ini A ni vikaidi na muda wake huhesabiwa kwa wiki. Kwa hilo tuna bahati ya kijiografia.

Halafu kuna uhai wa bahari wenyewe. Jaribio hili limerudiwa mara nyingi: chukua maji ya bahari, uyagawe mafungu mawili, moja ulichemshe lipoe, jingine uliache kama lilivyo, kisha utie virusi kote. Katika maji yaliyochemshwa virusi hudumu zaidi. Bakteria wa baharini hutoa vimeng'enya vinavyolitafuna ganda la protini, na viumbe vidogo vingine huvimeza virusi vyenyewe. Kumbe sehemu ya kazi ambayo tunaipa chumvi sifa yake inafanywa na vijidudu ambavyo hatuvioni.

Lakini bingwa ni jua. Mionzi ya urujuanimno, ile ile inayochoma ngozi ya mvuvi, hukata na kuharibu vinasaba vya kirusi moja kwa moja. Na mwanga unaobaki, ukikutana na mabaki ya majani na viumbe yaliyoyeyuka majini, huzalisha oksijeni kali inayoliunguza ganda. Katika maji maangavu ya mchana, virusi vingi vya tumbo hupoteza asilimia 90 ya nguvu yao ndani ya saa, si siku. Adenovirusi ndivyo vinavyokaidi: vinasaba vyao ni vya nyuzi mbili, na vikiingia ndani ya seli ya mtu hutumia mafundi wa seli hiyo hiyo kurekebisha pale jua lilipokata.

Sharti la jua ni lifike. Katika maji maangavu kama ya nje ya mwamba, mionzi hii hushuka mita kadhaa. Katika maji yaliyochafuka kwa udongo au mwani inaishia sentimita chache tu. Maji ya saa saba mchana ya Januari na maji ya saa kumi na mbili jioni ya Aprili yanaweza kuwa ya ufuo mmoja, ila kwa kirusi ni bahari mbili tofauti. Vijana wa makachu wanaojirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani, Mji Mkongwe, jua linapozama, watu wakishangilia, wanaingia majini saa ambayo jua limeshamaliza kazi yake ya siku. Wakati wa kiangazi, bamvua likijaa na kutoka kwa tofauti inayokaribia mita nne, mkondo unayabadilisha maji na hatari inapungua. Ila tusichanganye mambo: mkondo unaondoa na kutawanya, hauui. Na siku za maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana, maji yanazunguka pale pale.

Masika ndiyo msimu wa kuuangalia kwa macho mawili. Mvua kubwa ikipiga, mambo manne yanatokea pamoja: mitaro na makaro ya vyoo yanafurika na kuleta uchafu mwingi zaidi, udongo unayafanya maji kuwa kama chai ya maziwa, mawingu yanalifunika jua, na maji yanapoa kidogo. Kila kitu kilichokuwa kinatusaidia kinapungua siku ile ile ambayo mzigo umeongezeka. Ningekuwa na mamlaka juu ya watoto wa mtaani kwangu, ningewaambia: mvua kubwa ikishanyesha, kaeni mbali na midomo ya mitaro, na ngojeni siku mbili tatu za jua na maji yarudi rangi yake ndipo muogelee.

Mahali wanapojificha

Yote niliyosema ni ya kirusi kinachoelea peke yake. Virusi vingi havielei hivyo. Vimeshikamana na chembe za udongo na kinyesi, na vikizama navyo, vinatulia kwenye tope. Humo hamna jua, na chembe zinavikinga na vimeng'enya. Uchunguzi wa fukwe nyingi duniani umekuta virusi vingi zaidi kwenye tope kuliko kwenye maji yaliyo juu yake, na vikiwa bado vinaambukiza baada ya maji yenyewe kuwa safi. Kisha inakuja dhoruba, au chombo kinapita kwenye maji machache, au watu wanakanyaga kanyaga, na tope linavirudisha juu.

Ndiyo maana, nilipokuwa nimeshika ile ndoo, nilikuwa naangalia yale maji ya majivu yaliyokuwa yakichuruzika kwenye kombe. Kombe na chaza hula kwa kuchuja. Chaza mmoja mkubwa anaweza kupitisha lita kadhaa za maji kwa saa moja, akibakisha chochote kilichomo: mwani, udongo, virusi. Maji yakiwa na virusi vichache visivyofaa hata kuhesabiwa, mnyama huyu anavikusanya siku nzima mpaka vinakuwa mzigo. Na kwa norovirusi kuna zaidi ya kukusanya: utumbo wa chaza una sukari zinazofanana na zile za utumbo wa binadamu ambazo kirusi hujishikiza, kwa hiyo kinanata. Nchi zinazofuga chaza huwaweka siku mbili hivi kwenye matangi ya maji safi wajisafishe. Bakteria wanatoka vizuri. Virusi vinabaki, vinaweza kubaki wiki kadhaa.

Mwanzoni mwa 1988 mji wa Shanghai, China, ulipata wagonjwa wapatao laki tatu wa homa ya ini A ndani ya miezi michache. Walikuwa wamekula kombe za jamii moja na hizi zetu za topeni, zilizovunwa kwenye maji yaliyoingiwa na kinyesi, na kwa desturi ya huko zilichovywa tu kwenye maji ya moto zikaliwa nusu mbichi. Ugonjwa huo hujitokeza wiki nne hivi baada ya mtu kula, hivyo chakula chenyewe kimeshasahaulika. Nikifikiria mgeni anayetaka chaza mbichi kwa ndimu katika kisiwa chenye mitaro inayoishia pwani, moyo unaniuma. Ndimu haifanyi chochote hapo. Kirusi kilichoizoea asidi ya tumbo hakishtushwi na ndimu.

Kuna njia moja zaidi ambayo haionekani, na kwa visiwa vyetu naiona ni nzito kuliko hata mitaro. Sehemu kubwa ya Unguja, hasa mashariki na kusini, ni maweni: jiwe la matumbawe lenye matundu kama sponji. Karo likichimbwa humo bila kujengwa chini, maji yake hayachujwi na udongo, yanapita kwenye nyufa. Kirusi cha noro kina upana wa chini ya sehemu moja ya elfu ishirini ya milimita. Kwake ufa huo ni barabara kuu. Key Largo, kisiwa cha Florida kilichojengwa kwa jiwe la aina hiyo hiyo, watafiti walitia kwenye karo la nyumba virusi maalumu visivyodhuru watu ili wavifuatilie. Vilionekana kwenye mfereji wa jirani baada ya saa 11, na baharini baada ya saa 23. Waliandika hayo mwaka 1995. Rudi sasa kwenye ile hesabu yetu: saa 23 gizani, ndani ya jiwe, ni muda ambao kirusi cha homa ya ini A hata hakijaanza kuchoka. Unaweza kusimama kwenye ufuo mweupe usio na mtaro wala harufu, maji yanang'aa mpaka chini, na chemchemi ndogo inayobubujika mchangani wakati maji yamekupwa ikawa imetoka kwenye makaro ya juu.

Hapo ndipo vipimo vya kawaida vinapotuangusha. Usafi wa fukwe hupimwa kwa kuhesabu bakteria wa kinyesi, hasa enterokoki kwa maji ya chumvi, kwa sababu ni rahisi na gharama yake inabebeka. Bakteria hao wakiwa wengi, ujue kinyesi kimeingia. Wakiwa wachache, usikimbilie kusema virusi hamna, kwa sababu jua linawamaliza bakteria mapema kuliko adenovirusi, na kombe inawatoa bakteria ikabakisha norovirusi. Cheti cha maji safi kinachotegemea bakteria peke yao ni cheti cha nusu ya habari, na kinachohitajika ni kupima maji, tope na kombe zenyewe, na kupima baada ya mvua badala ya kuchagua siku ya jua.

Nilirudi kwa bibi bamvua lililofuata, safari hii nyumbani kwake, nikamkuta jikoni. Nilimweleza yote haya kwa lugha nyepesi nilivyoweza, na nikamwambia chumvi peke yake haitoshi. Akaniuliza moto je? Nikamwambia moto unatosha, ila si ule wa kombe kufunguka tu midomo, maana hufunguka kabla nyama ya ndani haijapata joto la kutosha. Inatakiwa joto la ndani ya nyama lifike nyuzi 85 hadi 90, na likae hapo angalau dakika moja na nusu.

Alikuwa ameshazichemsha mara ya kwanza, amezitoa kwenye magamba, na sasa zilikuwa zimerudi chunguni zikitokota, mvuke unainua kifuniko. Alivuta mbuzi, akakaa, akashika kifuu cha kwanza.

"Dakika moja na nusu?" alisema. "Mie naziacha mpaka nimalize kukuna nazi, nichuje tui la kwanza na la pili, ndiyo nizitie."